Mtego wa shilingi 3,000 uliokishinda kifaa cha 38,000: uzoefu wangu na panya wa kwenye maua

Siku ya kwanza nilimgombeza mtoto bure. Niliamka saa 12 asubuhi nikakuta udongo umetapakaa kwenye vigae vya sebuleni na chungu cha mani planti kimefukuliwa mpaka mizizi inachungulia. Kwa kuwa jana yake mwanangu alikuwa akipiga mpira ndani, nilishamhukumu kabla hajafungua mdomo. "Mama, haki ya Mungu sio mimi!" Nikamwambia achukue ufagio. Usiku uliofuata alilala kwa bibi yake, na asubuhi udongo ulikuwa chini tena.

Ndipo nikapiga magoti nikaangalia. Shimo lilikuwa dogo, la mviringo, limechimbwa ukingoni mwa chungu, upande wa ukutani. Kwenye sahani ya kukingia maji kulikuwa na mavi manne au matano, meusi, membamba kuliko punje ya mchele, yamechongoka ncha. Ua langu la Usambara, lile dogo la majani yenye manyoya na maua ya zambarau, lilikuwa limekatwa vikonyo vitatu, vyote mshazari, utadhani kwa wembe. Hao hawakuwa panya wakubwa wa mtaroni. Ni wale wadogo wa ndani, wa kuenea kwenye kiganja cha mtoto, ambao ukimwona mmoja unasema masikini kadogo, halafu baada ya mwezi wako ukoo mzima kabatini.

Naishi Kihonda, Morogoro, na majirani walinicheka sana. Mji huu ndiko shirika la APOPO linakowafundisha panya buku, pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Wa kwangu walikuja na kipaji kimoja tu, kuchimba.

Nina vyungu 14 ndani. Hilo ua la Usambara ndilo linaloniuma zaidi. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala huko, Walter von Saint Paul-Illaire, alilichukua kwenye milima yetu akalituma kwao, leo linapamba madirisha ya wazungu dunia nzima, na mimi Mtanzania nimelinunua bustanini kwa 15,000 tena kwa kubembeleza. Halafu panya anakuja kulila kama mchicha.

Nilianza na gundi. Niliinunua Soko Kuu la Chifu Kingalu, karatasi mbili ngumu za kufunua kama daftari, 2,500 kila moja. Usiku wa kwanza ikanasa mjusi wa ukutani, asiye na kosa lolote, tena anayenilia mbu. Nilikaa sakafuni dakika ishirini nikimdondoshea mafuta ya kula na kumlegeza mguu mmoja mmoja kwa njiti ya kiberiti. Alitoka, mkia akaniachia. Usiku wa tatu ikanasa panya, na hapo ndipo nilipojua nimenunua nini. Gundi haiui. Inashika, basi. Saa 9 usiku panya analia, mtoto ameamka amesimama mlangoni, "Mama, anaumia," na pakiti haijaandika popote ufanye nini na kiumbe hai kilichobandikwa. Nilichofanya sitakiandika. Gundi yenyewe kwa vumbi letu la kiangazi ilikuwa haishiki tena kufika siku ya tano. Sirudii, hata ikiwa ya bure.

Baada ya usiku ule nilitaka kitu kisichogusa mtu, wala damu wala kelele, ndipo nikaangukia kifaa cha umeme. Kinachomekwa kwenye soketi, kinawaka kitaa cha bluu, na kinadaiwa kutoa sauti ambayo binadamu haisikii ila panya inamtesa mpaka ahame. Muuzaji wa duka moja mjini (jina naliacha) aliniambia, "Dada, hii ni kiboko. Wiki mbili tu, utaniombea dua." Nikatoa 38,000.

Siku nne za mwanzo kimya. Nilifurahi mpaka nikakisifia kwenye kundi la WhatsApp la kikoba chetu, na wenzangu wawili wakaenda kununua, jambo ambalo hadi leo nalipa kwa maneno. Usiku wa tano udongo ukamwagika. Nikadhani pengine kiko mbali, nikakisogeza kwa ekstensheni hadi chini ya meza ya maua. Siku ya 11 nilikuta mavi juu ya ekstensheni yenyewe, sentimita chache kutoka kwenye kile kitaa cha bluu.

Hapo nikaanza kusoma, ilivyopaswa nifanye kabla ya kutoa hela. Sauti ya juu namna ile haipenyi ukuta, wala haipenyi sofa au kabati. Ikikutana na fanicha imeishia hapo. Na panya wakishagundua kwamba kelele haiwafanyi kitu, wanaizoea, kama sisi tunavyozoea spika za baa ya jirani. Kilichonimaliza ni kujua kwamba panya hawa wadogo wenyewe huongea kwa sauti hizo hizo tusizozisikia. Dume humwimbia jike. Kwa hiyo kwa 38,000 inawezekana niliwafungia redio.

Nilikirudisha. Yule kijana akakichomeka, kikawaka. "Mama, kifaa kizima hiki. Labda panya wa kwenu ni sugu." Garantii ilikuwa ya kuwaka, sio ya panya kuhama. Umeona nilivyoshuka cheo, kutoka dada hadi mama.

Paka wa kuazima sitamwelezea sana. Jirani alinipa wake wiki moja. Alilala kwenye kochi, akala dagaa wangu, na usiku wa pili akagundua kwamba chungu kikubwa kuliko vyote, chenye udongo laini mkavu, ni choo kizuri kuliko cha kwao. Alifukua kuliko panya. Nilimrudisha na asante nyingi.

Sumu sikutumia, na sitatumia. Mtaani kwetu inapita kila siku kwa spika, "sumu ya panya, mende, kunguni, viroboto!", kwenye vipakiti visivyo na jina la aliyetengeneza wala kilichomo. Mimi nina mtoto wa miaka 7, na kuku wa jirani wanaingia jikoni kwangu kama kwao. Hata zile halali nyingi ni za kuzuia damu isigande: panya anakula leo, anakufa siku kadhaa mbele, na mara nyingi anafia asikofikika. Dada yangu aliwahi kubomoa jipsamu ya dari kutafuta harufu. Na paka au bundi akimla panya huyo, sumu inaendelea na safari. Kama huna budi, nenda duka la pembejeo, chukua iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya serikali ya viuatilifu, yenye lebo unayoweza kumwonyesha daktari, uiweke ndani ya kasha lake ambalo mtoto hafungui.

Sasa mtego. Ule wa zamani wa kubana, kibao, springi na kitanzi cha waya. Nilikuwa naudharau kwa sababu niliwahi kuutumia zamani na panya akala chambo akaondoka na shukrani. Fundi bomba aliyekuja kurekebisha sinki ndiye aliyenifungua macho. Aliniuliza, "Uliutega katikati ya chumba, sio?" Ndiyo. "Na ulikuwa mmoja?" Ndiyo. Akacheka. "Shangazi, panya hapiti katikati ya chumba. Anapita na ukuta kama mlevi."

Nikanunua 6, kila mmoja 3,000. Mmoja ulikuwa mbovu kutoka dukani, kitanzi kimepinda hakikai, kwa hiyo jaribu kila mtego kabla hujalipa, kwa kalamu, sio kwa kidole. Mimi nilijaribu mmoja kwa kidole gumba na ukucha ukawa mweusi wiki tatu.

Unautega hivi: kibao kinalala sakafuni kikifanya herufi T na ukuta, upande wa chambo ndio unaogusa ukuta, ili panya akipita kwa kunyata na ukuta akutane na chambo kwanza kabla hajakutana na waya. Chambo kiwe kidogo. Kijiko kizima cha karanga za kusaga ni kumlisha. Kiasi cha punje moja kinamlazimu akwangue. Bibi yangu alikuwa akitumia nazi iliyochomwa kidogo kwenye mkaa, na nilipojaribu niliona kwa nini: harufu inafika mbali na nyama yake ni ngumu kuchomoka. Kichwa cha dagaa nacho ni kizuri, ila kifunge kwa uzi kwenye kile kibati cha kuwekea chambo, la sivyo anakinyofoa kistaarabu na kuondoka. Usiku wa kwanza weka chambo bila kutega springi, wale wazoee. Usiku wa pili ndio utege kweli.

Niliweka miwili nyuma ya friji, mmoja chini ya sinki, na miwili nyuma ya meza ya maua, umbali wa hatua mbili mbili, kwa sababu panya hawa hawaendi mbali na tundu lao. Mtego ulio chumba cha pili kwake uko Dodoma. Saa 4 usiku, kabla sijalala, nikasikia pa! Dakika chache, pa! tena. Wawili, wamekufa papo hapo, bila kilio. Ndani ya siku 8 walifika watano. Nilipomaliza hao, kimya.

Kasoro zake zipo. Mbao inanyonya damu na harufu, na huwezi kuiosha vizuri. Springi inaota kutu ukiiweka karibu na sinki. Mtoto mdogo au paka akiingiza mkono ataumia, kwa hiyo mimi naitega usiku na kuifyatua alfajiri. Na lazima uwe na moyo wa kumtoa maiti. Mimi navaa glavu, au mfuko wa nailoni mkononi, na yale mavi siyafagii makavu: nayamwagia maji yenye jiki, nasubiri dakika kumi, nafuta kwa karatasi. Tulioona habari za Homa ya Mgunda kule Lindi mwaka 2022 hatufanyi mchezo na mkojo wa panya.

Ila hata mtego nisingeupa sifa zote. Nilipokuwa nasafisha ndipo nikajiuliza swali ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu tangu mwanzo. Kati ya vyungu 14, kwa nini panya walichimba vitatu tu, vile vile kila usiku? Alovera haikuguswa. Kaktasi haikuguswa. Vilivyochimbwa vilikuwa ua la Usambara, mani planti, na kikasha cha miche ya mrehani. Nikakumbuka. Hivyo vitatu ndivyo nilivyoviwekea mbolea mwezi huo, na mbolea yenyewe ilikuwa mashudu ya alizeti, viganja viwili viwili, nimechanganya na udongo wa juu, na maganda ya mayai ambayo sikuyaosha. Mashudu! Chakula cha kuku na ng'ombe. Nimewapakulia panya sahani tatu, nimewawekea na maji pembeni, halafu naenda kununua sauti ya kuwafukuza.

Nilikwangua udongo wa juu kama sentimita 3 kwenye vyungu vyote vitatu nikautupa, nikaweka mpya, na juu yake nikatandika kokoto ndogo za mtoni, tabaka moja lililobanana. Kokoto hizi nimeokota bure na zinapendeza kuliko udongo mtupu. Kwenye kikasha cha miche nimefunika wavu wa chuma wa matundu madogo, kwa sababu mbegu ndiyo wanayoifuata. Mashudu sasa nayaloweka kwenye ndoo nje wiki mbili, nachuja, namwagilia maji yake tu. Yananuka, lakini nje.

Tundu la kuingilia lilikuwa pale pale alipokuwa amepiga magoti fundi bomba: bomba la sinki linapotoboa ukuta palikuwa na nafasi ya vidole viwili. Panya mdogo anapita kwenye uwazi wa milimita 6, unene wa penseli, kwa hiyo mimi nilikuwa nimemjengea geti. Tulisokomeza stiliwaya mpya ya kusugulia sufuria, tukaziba kwa saruji juu yake. Saruji peke yake ikiwa mbichi wanaichimba. Stiliwaya hawaipendi menoni. Chini ya mlango wa jikoni nimepigilia ubapa wa bati. Kazi yote, pamoja na soda ya fundi, haikufika 15,000.

Ni mwezi wa nne sasa tangu tuzibe tundu. Ua la Usambara limetoa majani mapya na juzi nimeona kitumba kimoja katikati. Mitego miwili bado iko nyuma ya friji, naibadilishia nazi kila Jumamosi, haijanasa kitu. Kifaa cha 38,000 sikukitupa. Kiko kwenye soketi ya koridoni, na kile kitaa chake cha bluu mwanangu anakitumia kwenda chooni usiku. Anasema kinafanya kazi vizuri sana.