Get Carter (1971): kaka kafa, wanasema ajali

Kama we ni mtu wa zile muvi za kila baada ya dakika tano kuna kitu kinalipuka, hii itakuchosha, nakwambia mapema. Inaenda polepole makusudi. Jack Carter (Michael Caine, yuko moto humu balaa) ni jambazi wa London, kaka yake Frank kafa huko Newcastle, maelezo ni kwamba alilewa akaendesha gari akafa, basi. Mabosi zake wanamwambia achana nayo, yeye huyo kapanda treni.

Kilichonishika ni kwamba hakuna upelelezi wa kubandika picha ukutani na kuunganisha nyuzi. Jamaa anaingia baa, anauliza swali moja, ananyamaza, anawaangalia. Anayejibu haraka sana ndo ana lake. Na huyu sio mdogo mtu mwema anayemlilia kaka yake jamani, hawa walikuwa hawapatani na alishamfanyia Frank ubaya ambao sitausema hapa, kwa hiyo muda wote unajiuliza anatafuta haki au anajaribu kulipa deni lake mwenyewe.

Kuna sehemu kajilaza kitandani, anawasha projekta kuangalia mkanda fulani kama kupoteza muda tu, halafu sura inaanza kubadilika, hasemi kitu, machozi yanashuka. Kuanzia hapo muvi ni nyingine kabisa, huruma imekwisha.

Muziki wa Roy Budd usiuruke, ule wa mwanzo kwenye treni, na hapohapo kwenye treni waangalie vizuri abiria wenzake. Zaidi ya hapo sisemi.

Sasa lawama. Wanawake humu wanatumika kama vyombo, wanapigwa, wanatupwa, na dairekta Mike Hodges hakai nao hata kidogo baada ya hapo, miaka hiyo ndo ilikuwa hivyo lakini inakera. Pia majina ya wahuni ni mengi, katikati nilipotea nani anamfanyia kazi nani, washa sabtaito.

Nane kwa kumi. Na mkiitafuta hakikisheni ni ya 1971, maana Stallone aliirudia mwaka 2000 wakaihamishia Seattle, Caine mwenyewe kaonekana humo kwenye nafasi ndogo, ila ile makali yameisha yote.