Tahadhari: pistoni za DT 125 "mpya za Japani" ambazo ni chakavu zimeoshwa

Wakuu, mnaofufua pikipiki za Yamaha DT 125, AG 100 na tu-stroki nyingine za zamani (injini zinazochoma oili pamoja na petroli), kuna muuzaji wa spea anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook akitangaza pistoni "mpya, orijino Japani, stoo ya zamani". Kama mmeshaanza kuongea bei, subiri kwanza.

DT yangu iko gereji ya nyumbani hapa Dar, imefumuliwa yote. Fremu imeshapigwa rangi, injini inasubiri pistoni tu. Silinda ilikuwa na mikwaruzo upande wa ekzosi, kwa hiyo lazima ichongwe iwe pana kidogo na ivae pistoni ya ovasaizi, yaani kubwa kuliko ile ya kiwandani (standadi). Muuzaji akasema anayo iliyozidi kwa milimita 0.50, na ringi zake na gajoni pini (pini inayoshika pistoni kwenye koneksheni rodi), Sh 120,000, hela yote mbele, mzigo unakuja na basi. Mzigo kweli ukaja. Boksi safi, lina nembo na stika. Shida iko ndani.

Anza na stika. Kwenye namba za spea za Yamaha, tarakimu tano za katikati ndizo zinazosema kifaa ni kipi: 11631 ni pistoni standadi, 11635 ni ovasaizi ya 0.25, 11636 ni ya 0.50. Boksi langu limeandikwa 11631, wakati juu ya pistoni kumegongwa "50". Na hiyo 50 yenyewe, ile 5 imelala upande na 0 imezama zaidi ya mwenzake. Nyundo na stempu ya mkononi hiyo, si kiwanda.

Nikaweka maikromita (kipimo cha unene) karibu na chini ya sketi, yaani ukuta wa chini wa pistoni, ule upande usio na tundu la pini. Silinda standadi ya DT 125 ni milimita 56, ukiichonga 0.50 inakuwa 56.50, na pistoni inatakiwa iwe ndogo kuliko silinda kwa sehemu chache tu za mia za milimita. Hii ilisoma 55.91. Yaani ni standadi, tena iliyokwisha liwa.

Kilichomaliza ubishi ni kijiti cha kuchokolea meno. Nilikipitisha kwenye kona ya mtaro wa ringi kikatoka cheusi, masizi matupu. Pistoni mpya itapata wapi masizi? Nikaigeuza: ndani, chini ya kichwa, kuna ukahawia wa oili iliyoungua. Sketi imepigwa mchanga hadi ikafubaa, lakini ukiielekeza kwenye taa kwa mshazari unaiona mistari ya kukwaruzika ikitokea juu hadi chini.

Halafu kuna jambo la hatari kuliko saizi. Pistoni ya tu-stroki huwa na kipini kidogo ndani ya kila mtaro, kinazuia ringi isizunguke ili ncha zake zisije zikanasa kwenye tundu la ekzosi. Mtaro wa juu wa pistoni hii hauna kipini, kimebaki kishimo tu. Ukiifunga hivyo, ringi ikizunguka itanasa, itakatika, na vipande vitatafuna silinda uliyotoka kuichonga.

Nilipomrudia, jibu la kwanza: "Mzee, fundi wako ndiye hajui." Nikamtumia picha za maikromita. Jibu la pili: "Basi ongeza 40,000 nikupe ile yenyewe." Kumbe yenyewe ipo! Nikadai hela yangu, akanibloku. Jamaa yangu wa Morogoro akanionyesha tangazo lingine, jina tofauti, picha ileile juu ya kitambaa kilekile cha drafti, safari hii ikiitwa pistoni ya RX 100, pikipiki nyingine ya Yamaha. Pistoni ya RX 100 ni milimita 50. Haiwezi kuwa zote mbili.

Mtego wake mkubwa ni huu: ukishatuma hela anakuhimiza, "Peleka silinda ikachongwe kabisa wakati mzigo uko njiani." Ukimsikiliza umekwisha, maana silinda ikishakuwa 56.50 na mkononi una pistoni ya 56, hakuna kurudi nyuma. Utasaka 0.50 ya kweli, ukiikosa uchonge tena hadi 0.75 au uvalishe slivu mpya (bomba la ndani la silinda). Mafundi wa mashine wanaojiheshimu hawagusi silinda kabla hawajashika pistoni na kuipima wenyewe. Fundi akikubali kuchonga kwa maneno ya simu, hama.

Muuzaji huyu anauza pia oil sili za kranki (raba za kuziba kwenye shafti ya injini), na hizo usiguse kabisa. Sili iliyokauka huipaka oili ing'ae. Ikunje mdomo wake kidogo utaona nyufa. Kwenye tu-stroki sili ikivuja injini inavuta hewa ya ziada, mchanganyiko unakosa petroli na oili ya kutosha, pistoni inapata moto na kunata. Hapo utalaumu kabureta mwezi mzima.

Pistoni iliyotumika si dhambi. Mwenye 0.25 nzuri ya mtumba aseme ni ya mtumba, tutaelewana bei. Ila kabla ya kutuma shilingi, mwombe video fupi: pistoni, maikromita au venia imeshika sketi, namba inasomeka, na pembeni karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Mwenye mzigo wa kweli hiyo ni kazi ya dakika mbili. Kwa muuzaji huyu nilimtuma rafiki aiombe. Akasema simu yake haina kamera. Hizo picha za matangazo anapiga na nini?

Namba zake nimeshazituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na boksi naliwasilisha Tume ya Ushindani, kwa sababu nembo ya watu imetumika kuuza chakavu. Namba ya simu siibandiki hapa, isije ikawa laini imesajiliwa kwa jina la mtu asiyehusika. Kama una pistoni unayoitilia shaka, piga picha stika, kichwa na mtaro wa ringi, nitumie inbox nilinganishe na hii niliyonayo kabla sijaipeleka.