Kukri ya jeshi kutoka Nepali: chuma kizuri, ala ya kuangaliwa

Anayeulizia kisu cha vita Lamu huonyeshwa jambia. Jambia lina heshima yake, ni la bwana harusi na la Maulidi, lakini mengi yanayouziwa wageni siku hizi ni bati laini na mpini ulioshikwa na gundi. Kukri hii, kisu kizito cha Nepali kilichopinda kuelekea mbele, ni ya muundo wa jeshi: bapa la sentimita 26 hivi, mgongo wa karibu milimita 8, uzito wa gramu 600 na kitu, mpini wa mbao. Chuma chake kinapita hadi mwisho wa mpini na kimefungwa kwa ribiti mbili. Kama utaagiza, agiza ya namna hii. Ile yenye mkia mwembamba uliogandishwa kwa lakiri hulegea upesi kwenye joto la pwani.

Chuma ni cha springi za lori. Mhunzi wa Nepali hakichovyi kisu kizima majini. Hukipasha kikaiva, kisha humimina maji kwa birika juu ya makali tu, hasa tumboni, pale panapopiga. Tumbo huwa gumu, mgongo hubaki na ulaini wa kupokea mshindo. Kipimo chake ni tupa ndogo. Ipitishe taratibu kwenye makali: tumboni iteleze, karibu na mpini na kuelekea nchani ing'ate kidogo. Iking'ata kote, makali yatapinda kwenye boriti kavu ya mkoko, basi kirudishe. Ikiteleza mpaka mgongoni ni hatari zaidi, kwa sababu kisu kigumu kote hukatika ghafla kikikutana na fundo la mti.

Uzito umekaa mbele, kwa hiyo pigo fupi linatosha. Ndiyo sababu kisu hiki kilibaki vitani hata baada ya rashasha kuja: handakini hakuna nafasi ya kuzungusha kitara. Tunisia, usiku wa kuamkia 6 Aprili 1943, Lalbahadur Thapa, Mgurkha (askari wa Nepali katika jeshi la Waingereza), alipanda njia nyembamba ya genge akisafisha vituo vya bunduki kwa kukri na bastola, akatunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Burma, Machi 1945, Mgurkha mwenzake Bhanbhagta Gurung alirusha mabomu ya moshi kwenye handaki, na askari wawili waliotoka wamepofushwa na moshi aliwamaliza kwa kukri. Vita hivyohivyo vya Burma, askari wetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki) walipita bonde la Kabaw mwaka 1944 na panga zao. Kwa kuchoma, hata hivyo, kukri si hodari: haina kizuizi mbele ya mpini, na mkono ulioloa huteleza kuelekea kwenye makali. Na ile hadithi kwamba hairudi alani bila kuonja damu haina ukweli.

Ala ndiyo udhaifu mkubwa. Ni vipande viwili vya mbao vilivyovikwa ngozi, na kiungo chake kimoja kiko upande wa makali. Ukiishika kwa kuizungushia vidole vyote, makali yanaweza kupenya kwenye kiungo hicho na kukukata wakati wa kuchomoa. Ishike upande wa mgongo, vidole visivuke kwenye makali, kisha chomoa ukiegemeza mgongo wa kisu kwenye mbao. Ala inayocheza au yenye uzi uliokatika usiipokee.

Upepo wa chumvi ni adui mwingine. Usikihifadhi ndani ya ala. Ngozi hushika unyevu na bapa huota madoa ya kutu yanayochimba. Kifute kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kikaushe, pakaza mafuta ya cherehani, kiviringe kwenye kitambaa. Mafuta ya nazi huweza kunata. Kunoa, tumia kinoo chembamba cha kushikwa mkononi ukifuata mpindo. Jiwe bapa la mezani halifiki kwenye mbonyeo ulio kati ya tumbo na mpini.

Kwa dafu, baki na panga: bapa lake jembamba hukata kumbi safi, wakati unene wa kukri huibana na kuipasua.

Kusafiri nacho barabara ya Garsen hadi Mokowe, ile ya kuingia Lamu, kifunge ndani kabisa ya mzigo pamoja na risiti, kisiwe kiunoni. Kwa ndege, ni mzigo wa chini tu.