Kuli au Peponi?

Mpwa wangu wa Ngamiani, Tanga, yuko kidato cha pili na anataka riwaya ya mtoto aliyekulia kwenye shida. Nimebaki na mbili: Kuli ya Adam Shafi (1979) na Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis.

Yusuf wa Peponi ana miaka 12 tu baba yake anapomweka rehani kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni. Mwenyewe hajui, anadhani anakwenda kutembea na ami yake. Hapo ndipo kitabu kinapouma: watu wazima wanamchekea, hakuna anayemwambia ukweli. Msafara wa biashara unamfikisha bara, anakua, lakini usitarajie ushindi.

Rashidi wa Kuli anakulia Unguja, anabeba mizigo bandarini hadi mgomo wa 1948. Mtoto aliyezoea kuona meli zikitia nanga Tanga hahitaji kufafanuliwa mengi. Kinahubiri kidogo (wakati mwingine si kidogo), ila Rashidi anainuka pamoja na wenzake.

Peponi imeandikwa kwa ustadi zaidi. Hata hivyo mpwa nampa Kuli. Peponi aende nayo dada yake wa kidato cha sita.