Giaboksi ya helikopta ya Sikorsky S-92: cheti kilithibitisha nini?

Kazi yangu hapa Kizota, Dodoma, ni kufungua na kufunga giaboksi za malori, na giaboksi kuu ya helikopta ya S-92 ninaipima kwa swali lile lile ninaloulizwa na wateja wangu: oili ikimwagika njiani, nitafika?

Mwezi uliopita nilifungua giaboksi ya lori lililokwama Bahi baada ya kumwaga oili yote. Meno ya gia yalikuwa yamegeuka rangi ya buluu kwa joto, na beringi moja ilikuwa imegandana na shafti hata nyundo ikashindwa kuitoa. Dereva yule aliegesha kando ya barabara. Rubani aliye juu ya bahari hana pa kuegesha, na kwa sababu hiyo kanuni za Marekani za helikopta kubwa zinataka giaboksi iliyopoteza oili iendelee kufanya kazi kwa dakika 30, isipokuwa ithibitike kwamba uwezekano wa kuipoteza ni mdogo mno.

S-92 ilipata cheti cha kuruka kwa kupitia hilo neno "isipokuwa". Katika jaribio la mwaka 2002 la kuizungusha bila oili, giaboksi yake iliharibika baada ya takriban dakika 11. Sikorsky, kampuni inayoitengeneza, ikaweka vali ya kuzuia oili isiende kwenye rejeta yake, ikajenga hoja kwamba mvujo mkubwa ungeweza kutokea huko tu, na mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ikaikubali. Kwa fundi mwenye spana mkononi hoja hiyo ni dhaifu, kwa maana bakuli la filta ya oili lilishikwa na stadi tatu za titaniamu, yaani vijiti vyenye nyuzi vinavyokazwa kwa nati, na filta ni kitu cha kufunguliwa mara kwa mara. Kila nati inapofunguliwa na kukazwa tena, nyuzi za titaniamu huchubuka, mkazo hupungua, na ufa mdogo huanza kutambaa ndani ya stadi pasipo mtu kuuona.

Julai 2008 stadi hizo zilikatika nchini Australia, marubani wakawahi kutua. Januari 2009 mtengenezaji alitoa waraka wa kuzibadilisha kwa stadi za chuma, lakini akaruhusu kusubiri hadi mwaka mmoja au saa 1,250 za kuruka, muda ambao kwangu hausameheki kwa kosa lililokwisha kujitokeza angani. Tarehe 12 Machi 2009, S-92 iliyobeba wafanyakazi wa visima vya mafuta kutoka St. John's, Kanada, ilipoteza oili baada ya stadi mbili kukatika. Takriban dakika 11 baadaye, kama katika jaribio la 2002, gia zinazoendesha pangaboi la mkiani zilishindwa, na helikopta ikaanguka baharini. Kati ya watu 18 alinusurika mmoja. Dakika 11 hazilifikishi lori mjini kutoka Bahi.

Siku chache baadaye mamlaka ya Marekani iliamuru stadi za chuma zifungwe, na hilo ninalisifu. Hata hivyo stadi mpya zinaziba njia moja ya mvujo. Haziipi giaboksi ile ile uwezo wa kuzunguka bila oili.

Anayekodi helikopta ya kuvuka maji asiishie kuuliza kama giaboksi ina cheti. Aombe kuonyeshwa kama ilipita kwa jaribio la dakika 30 au kwa hoja ya uwezekano. Iliyopita kwa hoja, mimi nisingewapandisha wanangu.