Bitwarden na Tovuti Bandia ya Benki

Watu wengi huichukulia Bitwarden, programu ya kuhifadhi na kujaza nywila, kama daftari tu la kuzitunzia, nami niliianza kwa nia hiyohiyo, kwa kuwa nilikuwa nikitumia nywila moja kila mahali na nikijua kwamba ni hatari. Leo, baada ya kuitumia kwa zaidi ya miaka miwili, naamini kwamba katika kulinda akaunti ya benki kazi yake kubwa si kukumbuka, bali ni kukataa.

Nilipokea ujumbe mfupi uliodai kwamba akaunti yangu ingefungwa usiku ule nisipothibitisha taarifa zangu. Uliingia katika mfululizo uleule wa jumbe halali za benki yangu, jambo linalowezekana kwa sababu matapeli huweza kughushi jina la mtumaji. Nikabofya kiungo. Ukurasa uliofunguka ulikuwa na rangi na nembo nilizozizoea, na alama ya kufuli ilikuwepo kando ya anwani. Niligusa kisanduku cha nywila nikitarajia programu inipendekezee kama ilivyo desturi yake, lakini haikupendekeza chochote. Nikagusa tena, kimya. Nilikuwa nimekwisha kufungua hazina, yaani sehemu ya programu zinamotunzwa nywila zangu, ili ninakili nywila kwa mkono, ndipo nilipoisoma anwani herufi kwa herufi: baada ya jina la benki palikuwa na kistari, kisha neno lililoongezwa, na tovuti haikuwa ya benki hata kidogo. Niliufunga ukurasa, nikapiga simu kwa namba iliyochapishwa nyuma ya kadi yangu.

Jicho la mtu hutazama sura ya ukurasa, ilhali programu hulinganisha anwani iliyohifadhiwa na ile iliyofunguliwa, na zisipolingana haipendekezi nywila. Kufuli nililoliamini halikuwa na maana niliyoipa, kwani huonyesha tu kwamba mawasiliano yamesimbwa, yaani yamefichwa yasisomwe na mtu mwingine njiani, na tapeli naye hupata cheti cha usimbaji bila malipo. Google iliiondoa alama hiyo katika kivinjari chake cha Chrome mwaka 2023 kwa sababu watu waliichukulia kuwa dalili ya uaminifu.

Kuhusu usalama wa hazina yenyewe, Bitwarden, iliyozinduliwa mwaka 2016, imeweka msimbo chanzo wake, yaani maelekezo yaliyoiunda programu, wazi kwa yeyote anayetaka kuukagua, na taarifa husimbwa kwa AES ya biti 256, mbinu madhubuti ya usimbaji, ndani ya kifaa chako kabla hazijapelekwa kwenye seva. Ulinzi huo wote umeegemea nywila kuu, yaani ile moja inayofungua hazina, ambayo kampuni haiijui wala haiwezi kukurudishia ukiisahau. Mwaka 2022 wadukuzi waliiba nakala za hazina za wateja wa LastPass, programu nyingine ya aina hii, na waliobaki katika hatari kubwa zaidi ni wale waliokuwa na nywila kuu dhaifu. Kwa hiyo nimechagua maneno matano yasiyohusiana, nikayaandika kwenye karatasi ninayoitunza pamoja na vyeti vyangu.

Kasoro ya programu za aina hii ni kwamba hata katika tovuti halali zipo fomu zisizotambulika, hivyo mtumiaji huzoea kunakili kwa mkono, na mazoea hayo ndiyo yaliyokaribia kuniponza. Siku hizi, pendekezo lisipotokea kwenye ukurasa wa benki, naanza upya kwa kuandika anwani mwenyewe.

Pia Bitwarden haitakusaidia lolote mbele ya sauti ya mtu. Anayepiga simu akijitambulisha kuwa afisa wa benki, akakuomba umsomee msimbo uliotumwa kwenye simu yako, au akakushawishi uhamishie fedha kwenye "akaunti salama", hahitaji nywila yako, kwa kuwa wewe mwenyewe ndiwe unayemfungulia. Hapo dawa ni kukata simu na kuipigia benki kwa namba unayoijua.

Ujazaji wa nywila pindi ukurasa unapofunguka huja ukiwa umezimwa, na ni vyema uuache hivyo. Toleo la kulipia linaweza pia kuzalisha misimbo ya hatua ya pili, yaani namba za muda zinazoombwa baada ya nywila, lakini sikuutumia uwezo huo kwa akaunti ya benki: misimbo yangu hutoka katika programu nyingine kabisa, ili atakayeifungua hazina asiikute huko.