Picha ya abstrakti ya sebuleni, ipi ununue ukiwa Dodoma

Wadau mnaohamia nyumba mpya Iyumbu, Nzuguni na Ilazo, naona wengi mnataka zile picha za abstrakti (za rangi na maumbo tu, bila mtu wala mandhari), mimi nazipanga hivi, kuanzia bora mpaka mbovu.

Namba moja, na hapa sibadiliki, ni kuprinti kwenye karatasi nzito isiyong'aa halafu unampelekea fundi fremu aweke mbao, kioo na hadibodi nyuma. Vumbi la Dodoma kiangazi upepo ukianza mnalijua, kioo unapitisha kitambaa yanaisha. Ila mwambie azibe mgongo wote kwa tepu, maana vumbi linaingilia nyuma, baadae unakuta mstari wa kahawia ndani ya kioo na huwezi kuufuta mpaka ufungue fremu nzima. Na karatasi isigusane na kioo, aweke kadi nene nyeupe kuzunguka, la sivyo mvua za Januari unyevu ukiingia picha inagandia kioo. Kona ziangalie kwenye mwanga, ukiona upenyo mrudishie.

Saizi ndo wengi wanapigwa. Ile ya mchoraji Kandinsky ya 1913, yenye viboksi 12 vyenye miduara, orijino yake iko Munich, Ujerumani, na ni ndogo, kama sentimita 24 kwa 32 tu, kwahiyo karatasi ya A3 (A4 mbili zikikaa pamoja) inatosha kabisa. A3 ni ndefu kidogo kuliko picha yenyewe, wambie wanaoprinti waache weupe pembeni wasikate, ukikuta viboksi vya pembeni vimekatwa usilipe. Faili liwe na pikseli kama 3500 kwa 5000. Ukitaka ya kujaza ukuta nyuma ya makochi chukua Composition VIII yake ya 1923, hiyo orijino ni sentimita 140 kwa 201, imezaliwa kubwa.

Namba mbili kanvasi ya kuvutwa kwenye mbao. Haimeremeti dirisha likiwa mbele yake na inapendeza sana, ila vumbi linakaa kwenye nyuzi na kitambaa kibichi usithubutu, brashi laini tu.

Namba tatu zile za tayari dukani zenye fremu ya plastiki, ukipata yenye rangi safi chukua, mgongo utaziba mwenyewe.

Ya mwisho ni flex, lile turubai la plastiki la mabango, iliyobandikwa kwenye MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa). Bei rahisi kweli, lakini inang'aa vibaya usiku taa zikiwaka na ukisogea karibu unaona vidoti, mi hata kwa korido siishauri.